Ubao laini si lazima uwe umenyooka: kurandisha mbao ngumu Dar bila kuwa na mashine

Mbao nne za mninga nilizonunua Buguruni zilirudi kutoka karakana zikiwa laini kiasi cha kutamani kuzilalia. Zilikwenda zina manyoya ya msumeno na rangi ya vumbi, huwezi kuzitofautisha na mti wowote wa porini. Zikarudi na ile kahawia ya asali yenye michirizi myekundu. Nikampa fundi hela yake, nikapakia kwenye guta, nikaenda nyumbani najiona seremala. Jumamosi nikachukua tatu, nikazipaka gundi mbavuni, nikazibana kwa klampu nipate uso wa meza ya kulia chakula. Jumapili nikafungua klampu, nikaulaza uso ule sakafuni. Kona tatu zikagusa chini. Ya nne ikabaki hewani, kidole kinapita. Nikaibonyeza, ya mkabala wake ikainuka.

Nilitaka kumrudia fundi nimshukie. Baadaye nikaelewa kwamba hakunidhulumu. Nilimwambia "nipigie randa," naye akapiga randa. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kingine, ila sikuwa na maneno ya kukiombea.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu kama mimi wa siku ile. Ana mbao ngumu kama zilivyotoka msumenoni, hana mashine wala mpango wa kuinunua (mashine nzuri inataka hela, nafasi na mara nyingi umeme wa fezi tatu), lakini anataka meza, rafu au mlango ambao hautamwaibisha mbele ya wageni. Dar karakana zenye mashine hazikosekani. Shida ni kujua unachokwenda kuagiza.

Kupita juu na kupita chini

Neno "kuranda" limebeba kazi mbili, na mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Iangalie mashine ya randa utakapoingia karakana, iwe imetoka kiwandani au imechomelewa hapahapa mjini. Moyo wake ni ngoma ya chuma inayozunguka kwa kasi, ina visu viwili, vitatu au vinne. Juu ya ngoma kuna meza mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma, na visu vinachungulia katikati yake. Meza ya mbele iko chini kidogo kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo ndogo ndiyo kina cha maranda yatakayotoka. Fundi anausukuma ubao kwa mikono juu ya meza hizo, visu vinakula upande wake wa chini. Vinakula pale tu ubao ulipojitokeza. Penye bonde havigusi. Ukipita mara ya pili, ya tatu, ya nne, vilima vinaisha, mabonde yanafikiwa, upande ule unakuwa bapa kama meza yenyewe. Hiyo ni kazi ya kwanza. Mimi naiita kupita juu.

Chini ya ngoma hiyohiyo, au kwenye mashine nyingine kabisa pembeni, kuna kitanda cha chuma kinachopanda na kushuka, pamoja na rola zinazouvuta ubao. Hapa ubao unapita chini ya visu, vinakula upande wa juu, na nafasi kati ya kitanda na visu ndiyo unene utakaopata. Ukiweka robo tatu ya inchi, ubao unatoka robo tatu ya inchi mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kazi ya pili, kupita chini.

Sasa fundo liko hapa: kupita chini hakunyooshi ubao. Kunanakili tu. Umbo la upande uliolala kitandani ndilo linalohamishiwa upande wa juu. Upande wa chini ukiwa bapa, wa juu nao utakuwa bapa na utakwenda sambamba na mwenzake. Upande wa chini ukiwa umepinda, rola zinaukandamiza ubao mpaka unalala, visu vinapita, na rola zikishauachia tu, ubao unarudi kwenye mpindo wake. Chukua rula ya plastiki ya mwanafunzi iliyopinda kwa kukaa juani, ibonyeze mezani kwa kiganja. Imenyooka, siyo? Ondoa kiganja uone. Mbao zangu zilifanyiwa hivyohivyo. Zilipita chini pande zote mbili bila kupita juu hata mara moja, zikatoka laini, zina unene sawa kila mahali, na zimepinda vilevile nilivyozinunua.

Kwa nini mafundi wengi hukimbilia chini? Kule rola zinavuta zenyewe, mtu anapokea tu upande wa pili. Kupita juu kunataka mikono, jicho na subira, na vidole vingi vya maseremala vimepotelea huko. Isitoshe, mteja mwenyewe anaipima kazi kwa kupapasa. Mimi nilipapasa.

Siri hii nilifunuliwa Keko, kwa mzee mmoja mtengeneza vitanda. Nilikuwa nimebakiwa na ubao mmoja kati ya zile nilizorandisha, wa akiba, nikampelekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Akaunyanyua ncha moja, akafumba jicho, akautazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha. Halafu akacheka.

"Kijana, hizi ulipeleka kwa fundi au kwa dobi?"

"Kwa fundi, mzee."

"Basi huyo amekupigia pasi."

Akachukua vijiti viwili vilivyonyooka, kila kimoja kama dhiraa moja, akakikingamisha kimoja mwanzo wa ubao na kingine mwisho wake. Akaniambia nichuchumae, nitazame mgongo wa kijiti cha karibu mpaka ukutane na mgongo wa kile cha mbali. Cha mbali kilikuwa kimeinamia kushoto kama ngalawa iliyoelemewa. Ubao ulikuwa umejisokota, na kwa kiganja nisingegundua hata kama ningepapasa mpaka Idi.

Mpangilio aliouandika kwa penseli juu ya ubao wangu ndio ninaoufuata hadi leo. Uso mmoja unapita juu mpaka uwe bapa. Ubavu mmoja unapita juu, uso ule ukiwa umeegemea ukingo wa mashine, kile chuma kilichosimama wima kando ya meza, ili vifanye skwea, yaani pembe mraba. Kisha uso bapa unalala kitandani na ubao unapita chini mpaka unene unaoutaka. Mwisho, ubavu wa pili unapasuliwa kwa msumeno wa meza sambamba na ule wa kwanza. Ukiruka hatua, zote zinazofuata zinarithi kosa lake.

Kata kabla ya kupeleka

Kosa langu la pili lilikuwa kupeleka mbao ndefu kama zilivyo, nikiogopa kukata mninga kwa papara. Kumbe kukata mapema ndiko kunakookoa mninga.

Ubao uliopinda kama upinde wa mshale haupungui mpindo sawasawa na urefu. Ukiukata nusu, mpindo hauwi nusu, unakuwa robo. Ukiukata mara tatu, kila kipande kinabakiwa na sehemu moja ya tisa. Tuseme una ubao wa futi 12, unene inchi moja, yaani milimita 25, na katikati umeinuka milimita 12. Kuunyoosha mzima unaondoa milimita 12 upande mmoja na karibu hizohizo upande wa pili. Unabakiwa na maranda ya kupeleka kwa wafuga kuku. Ukate vipande viwili vya futi 6: kila kimoja kina mpindo wa milimita 3. Vipande vitatu vya futi 4: milimita moja na kitu. Kama rafu zako ni za futi nne kasoro, hakuna sababu yoyote ya kurandisha futi 12.

Upana nao una hesabu hiyohiyo. Ubao mpana wa inchi 12 uliokunjika kama kigae kwa milimita 4, ukiupasua katikati, kila nusu inabaki na milimita moja. Utaugundisha tena baada ya randa, na mstari wa gundi uliopigwa vizuri hauonekani.

Ila usikate kipimo kamili. Ubao ukiingia au ukitoka chini ya mashine, kuna sekunde ambapo ncha yake imeshikwa na rola moja tu, ncha inainuka kidogo na visu vinachimba kibonde. Acha inchi mbili tatu kila upande za kuja kukata baadaye. Na vipande vifupi sana, chini ya futi moja hivi, usivipeleke peke yake kabisa. Kipande kifupi kuliko nafasi kati ya rola hakishikiki, visu vinaweza kukirusha kama jiwe la manati. Randisha kirefu, kisha ukate.

Unene unaobaki pia uuhesabu kabla ya kununua. Ubao wa inchi moja, ukitendewa haki, kwa kawaida unaishia robo tatu ya inchi, milimita 19 au 20. Wa inchi mbili unaishia inchi moja na robo tatu hivi. Anayetaka inchi moja kamili baada ya randa asinunue inchi moja. Na mbao zilizopasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo zinadanganya zaidi: upande mmoja utapima inchi moja na nusu, wa pili inchi moja na robo. Nenda dukani na futi yako, pima kona zote nne, na hesabu unene wa pale palipo pembamba.

Ukiwa hapohapo dukani, fumba jicho moja kama mzee wa Keko. Ubao uliopinda kwa urefu unatibika kwa kukata. Uliokunjika kama kigae unatibika kwa kupasua. Uliojisokota, ule unaocheza ukiulaza chini kama kiti chenye mguu mfupi, urudishe kwenye rundo, labda uwe unataka vipande vidogo tu. Muuzaji atanuna kidogo. Mwache anune.

Mti gani umeleta

Fundi anapokuuliza "mbao gani?" hafanyi mazungumzo. Anavifikiria visu vyake.

Mninga, unaotoka kwenye miombo ya Tabora, Katavi na kwingineko, ni mpole mashineni na una sifa moja kubwa: husinyaa kidogo sana unapokauka, na ukishatulia hausumbui. Vumbi lake, hata hivyo, linawasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa hata kama fundi mwenyewe amezoea. Mkongo wa Lindi na Ruvuma ni mzito na mgumu zaidi, unakula makali haraka. Msaji, ambao wengi wanauita mtiki, wa mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa na Kilombero, unaonekana laini lakini una chembechembe za silika, yaani kama mchanga ndani ya mti. Visu vinavyoranda msaji asubuhi havifai kwa mti mwingine jioni mpaka vinolewe.

Mvule ndio wa kuogopwa na mwenye mashine. Ndani yake, hasa pale mti ulipojeruhiwa zamani, huwa panaganda mawe ya chokaa, mengine ukubwa wa kokoto. Kwa nje huwezi kuyaona. Kisu kikikutana nalo kinapata pengo, na kuanzia hapo kila ubao unaopita unatoka na mstari ulioinuka urefu mzima. Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya juu kwa mvule, hakukomoi.

Mpingo usiupeleke. Ni mzito mpaka unazama majini, na vipande vyake vidogo vina mafundi wake wenyewe, wale wa vinyago pale Mwenge.

Halafu kuna nyuzi za mti. Ubao una mwelekeo kama samaki ana magamba. Ukipitisha kisu kutoka kichwani kwenda mkiani magamba yanalala, ukitoka mkiani yanasimama. Maseremala hutazama ubavuni mwa ubao, wanaona nyuzi zinapanda kuelekea wapi, wanausukuma ubao visu vizilaze. Shida ni kwamba mvule na mkangazi, na mninga mara nyingine, nyuzi zake zimepishana: mstari mmoja unaelekea huku, wa jirani yake kule. Huo ni samaki mwenye magamba ya pande mbili. Vyovyote utakavyousukuma, sehemu fulani itanyofoka vijishimo. Dawa ni tatu: visu vikali, kina kidogo (nusu milimita, isizidi moja), na mwendo wa polepole.

Huo mwendo unafaa kuuona kwa namba. Ngoma yenye visu vitatu ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, visu vinapiga mara 13,500. Rola zikiuvuta ubao mita 8 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna kama milimita 0.6. Ukiinamisha uso wa ubao kwenye mwanga wa dirisha utaviona vimawimbi hivyo, vidogo kama alama za vidole. Hivyo ni halali, msasa unaviondoa. Vikiwa vipana kiasi cha kuhesabika kwa ukucha, ama mwendo ulikuwa mkali, ama kisu kimoja tu ndicho kinachofanya kazi na wenzake wanamsindikiza.

Ubao ambao haujakauka

Hapa ndipo hata kazi nzuri huharibikia, na wala si kosa la mashine.

Mti unaponywea haunywei sawasawa pande zote. Kuufuata mzunguko wa pete zake, zile duara unazoziona gogo likikatwa, husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka gome hadi kiini. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja, na mashimo ya kigae hutazama upande wa gome. Ukirandisha ubao mbichi leo ukawa bapa, utaendelea kusinyaa nyumbani, na wiki ya tatu utakuwa kigae tena.

Hewa ya Dar ni nzito mwaka mzima. Ubao uliokaa kivulini hapa kwa miezi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi. Uingize chumba chenye kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa, utashuka kuelekea 10. Kwa hiyo meza ya ofisini Posta na meza ya barazani Mbagala hazifai kutoka kwenye rundo moja siku moja. Mbao zipeleke kwanza mahali zitakapoishi, zikae huko wiki mbili tatu.

Kipimo cha umeme cha unyevu kipo, lakini mzani wa duka la mangi unatosha. Chagua ubao mmoja, upime uzito, uandike kwa penseli kwenye ncha yake. Upime tena kila wiki. Ukiona wiki mbili mfululizo uzito haujashuka, umekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Masika usitegemee maajabu.

Wakati wa kuanika, usizilaze juu ya sakafu ya saruji, maana saruji inapumua maji, wala usiziegemeze ukutani zikainama kwa uzito wake. Weka vijiti vya unene sawa kila futi moja na nusu, ubao juu yake, vijiti tena, ubao tena, vijiti vya juu vikisimama sawasawa na vya chini. Weka tofali chache kileleni. Kivulini, si juani. Jua la saa saba linapasua ncha za mkongo ukiangalia.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wanalijua ila hawalisemi mpaka uulize. Ubao mnene huwa mkavu nje na mbichi ndani. Mashine ikila milimita 5 upande mmoja, umeufunua ubichi upande huo tu, na kesho yake ubao umeinama. Kwa hiyo kazi ya maana rudi mara mbili. Safari ya kwanza nyoosha, ukiacha milimita 3 za ziada. Uache ubao kwenye vijiti siku kadhaa ufanye vituko vyake. Safari ya pili ndipo ushushe hadi kipimo, ukila kiasi kinacholingana pande zote mbili. Nauli ya guta mara mbili inauma, najua.

Kumwingia fundi

Wauza mbao kadhaa wa Buguruni wana mashine palepale, na wanaranda uliyonunua kwao. Ni rahisi, lakini mara nyingi ni kupita chini tu, kwa foleni ndefu. Kwa kazi yenye skwea mimi napenda karakana ya fanicha, Keko au Chang'ombe, kwa sababu fundi anayetengeneza milango anajua ubao uliojisokota unafanya nini kwenye fremu. Usiende Jumamosi, wateja wa vitanda wamejaa. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, upige simu kwanza kuhakikisha umeme upo.

Ukifika, salimia, kisha useme unachotaka kwa hatua zake: "Fundi, hizi naomba uso mmoja upite juu mpaka uwe bapa, ubavu mmoja upigwe skwea, ndipo zipite chini zifike robo tatu." Akisema "tutapitisha chini tu, zitanyooka," mshukuru, ondoka. Si ugomvi. Pengine hana meza ya juu, au ya kwake imelegea.

Malipo huenda kwa ubao au kwa futi, na kupita juu kunastahili bei yake, kwa sababu kunakula muda. Kubalianeni kabla ya mota kuwashwa, na mtaje unene, idadi ya pande na aina ya mti. Ukiwa na msaji au mkongo mwingi, jitolee kulipia kunoa visu kabla ya kazi yako. Ni hela ndogo, na itakufanya upokelewe vizuri safari ijayo. Punguzo kwa kuwa anabaki na maranda yako usidai. Yana wateja wake, ila ndiyo soda yake hiyo.

Mbao zako ziwe safi. Mchanga uliokwama kwenye nyufa unaua makali kuliko mti wenyewe, kwa hiyo zipige brashi ya waya nyumbani. Zipitishie sumaku, hasa kama ni za kubomolea, kwa sababu msumari mmoja uliokatika ndani unaharibu seti nzima ya visu, na utavilipia wewe. Ncha zenye rangi au saruji zikate. Na kama ubao una chapa ya nyundo ya maofisa wa misitu, ipige picha kabla haijaliwa, uiweke pamoja na risiti yako.

Wakati mashine inafanya kazi kaa upande wa kupokea ukiambiwa, la sivyo kaa mbali. Mikono ya shati kunja, glavu za kitambaa vua: ngoma ikishika uzi wa glavu inaondoka na mkono.

Na kama karakana pekee iliyo karibu nawe ina mashine ya kupita chini tu? Kuna ujanja. Tafuta ubao wa plaiwudi au wa mbao nene, bapa kabisa, mrefu kuliko ubao wako. Laza ubao wako juu yake, upande wenye mabonde ukiwa chini, na pale unapocheza ingiza vipande vyembamba vya mbao mpaka utulie bila kubonyezwa. Vigandishe kwa gundi ya moto visitoke. Pitisha vyote viwili pamoja. Sasa rola haziwezi kuukandamiza, maana umeegemezwa, na visu vitakula vilima pekee. Upande wa juu ukishakuwa bapa, utoe, ugeuze, upite wenyewe. Kazi ya kupita juu imefanyika chini.

Vipande vichache unaweza pia kuvinyoosha kwa randa ya mkono, na hakuna aibu. Anza kwa kukata nyuzi kimshazari, ukishambulia kona mbili zilizoinuka, ukiweka vile vijiti viwili kila baada ya mapito machache. Uso mmoja wa mninga wa futi nne utakutoa jasho la saa nzima. Halafu peleka kupita chini kwa upande wa pili, bei rahisi kabisa. Mapande mapana ya gogo zima, yale ya meza za hotelini, hayaingii mashineni. Hayo hurandwa kwa ruta, ile mashine ndogo ya mkono yenye kisu kinachozunguka, ikitelezeshwa juu ya reli mbili zilizonyooka, milimita moja moja, na ni kazi ya siku.

Vijishimo vya nyuzi zilizopishana usivikimbize kwa msasa mpaka ubao ubaki karatasi. Mzee wa Keko hutumia kipande cha msumeno mbovu kilichonyooshwa ukingo, anakishika kwa vidole gumba viwili akikikunja kidogo, anakwangua. Kinatoa nyuzi nyembamba kama za mnazi, na mkangazi unatulia. Wengine hutumia kipande cha kioo. Nimejaribu, ila vidole vyangu vikasema basi.

Kabla hujalipa, vitoe vijiti vyako viwili mfukoni. Vyangu siku hizi natembea navyo, vya paini, nimevipaka rangi nyeupe mgongoni vionekane. Weka mwanzo, weka mwisho, chuchumaa. Laza mbao mbili uso kwa uso, zitazame ubavuni dhidi ya mwanga; mwanga ukipenya katikati au nchani, kuna kazi imebaki. Simamisha mbavu mbili zigusane, moja juu ya nyingine, na uone kama zinasimama wima au zinaegemea. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, ubao wa tatu kati ya mbao tano ulichungulisha mwanga. Fundi hakusema kitu. Aliuchukua, akashusha meza ya mbele kidogo, akaurudisha juu.